Kabla ya Kulaza Mgongo kwenye Mkeka wa Yoga



Mama mmoja, fundi cherehani wa Tabata jijini Dar es Salaam, alitujia na shida ambayo wengi wenu mnaifahamu. Kwa zaidi ya miaka miwili mgongo ulikuwa unamuuma sehemu ya kiunoni. Akikaa kwenye cherehani kwa saa mbili, kuinuka kwake lazima ashike meza. Alikwenda hospitali, akapimwa, akaambiwa hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mkubwa. Alichotakiwa ni kupunguza kukaa muda mrefu na kufanya mazoezi. Yeye akaendelea na vidonge vya maumivu, mpaka tumbo nalo likaanza kumsumbua. Ndipo binti yake akamwambia, "Mama, twende Msasani. Kuna nyumba ya yoga, na mgeni anajaribu somo la kwanza kwa nusu ya bei."

Mama alibaki na maswali matatu. Je, yoga itanisaidia mgongo au itauharibu zaidi? Nitajuaje kama mahali penyewe pananifaa? Na je, mimi mwana WAWATA nikienda huko, sitakuwa nimechanganya imani yangu?

Maswali hayo ni ya haki. Nyumba za yoga zimeongezeka katika miji yetu, na vijana wetu wengi wameanza kwenda na kuwaalika wazazi wao. Kwa hiyo tuliamua kumsindikiza mama huyu. Tulikwenda katika nyumba mbili tofauti, Jumamosi mbili. Majina ya nyumba hizo hatuyataji, kwa kuwa shabaha yetu si kusifu wala kuchafua biashara ya mtu. Shabaha ni kumsaidia msomaji aweze kuchagua mwenyewe.

YOGA NI NINI?

Yoga ilianzia India zamani sana. Neno lenyewe ni la lugha ya Kisanskriti, nalo lina asili moja na neno la kuunganisha, au kufunga nira kama wafungwavyo ng'ombe wa kulima. Katika asili yake yoga haikuwa mazoezi ya viungo tu. Ilikuwa njia ya kiroho yenye maadili, nidhamu ya pumzi, mikao ya mwili na kutafakari.

Yoga tunayoikuta mjini leo, yenye mikao mingi ya kunyoosha na kuimarisha mwili, kwa sehemu kubwa ilipata sura yake katika karne ya 20. Mwalimu mmoja mashuhuri, T. Krishnamacharya, alifundisha katika jumba la mfalme huko Mysore, kusini mwa India, katika miaka ya 1930. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa mwaka 1918 na kufariki mwaka 2014. Iyengar alikuwa mtoto dhaifu aliyeugua malaria, homa ya matumbo na kifua kikuu. Labda ndiyo sababu alipokuwa mwalimu alijali sana watu ambao miili yao haikunjiki kwa urahisi. Ni yeye aliyeeneza matumizi ya matofali, mikanda, viti na mablanketi ili mtu mgumu wa viungo naye aweze kushiriki. Tutaona hapa chini jinsi jambo hilo lilivyomfaa mama yetu.

Mwezi Desemba mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliamua kwamba tarehe 21 Juni iwe Siku ya Kimataifa ya Yoga, na siku hiyo ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Hata hapa Afrika Mashariki yoga si ya wageni na matajiri peke yao. Jijini Nairobi shirika liitwalo Africa Yoga Project, lililoanzishwa mwaka 2007, limewafundisha vijana wengi, wakiwemo wa mitaa ya watu wa kipato cha chini, hata wakawa walimu.

JE, INASAIDIA MGONGO?

Maumivu ya kiuno si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na shida hiyo. Katika wagonjwa 10, kama 9 hivi huwa hawaonekani kuwa na ugonjwa maalumu wa mfupa au wa neva unaosababisha maumivu. Kwa watu wa namna hiyo, kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Kinachosaidia ni mwili kutembea na kufanya kazi polepole, na misuli ya tumbo na mgongo kupata nguvu.

Hapo ndipo yoga inapoingia. Mwaka 2017 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 320 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wengi wao wakiwa wa kipato cha chini. Wengine walipewa yoga nyepesi mara moja kwa wiki kwa majuma 12, wengine walipelekwa kwa wataalamu wa tiba ya viungo. Waliofanya yoga hawakuwa nyuma ya waliokwenda kwa wataalamu. Mwaka 2022 wachunguzi wengine walikusanya majaribio 21 yenye watu 2,223. Waliona kwamba yoga huleta nafuu ndogo kuliko kukaa bila mazoezi, na kwamba haionekani kuwa na tofauti kubwa na mazoezi mengine ya mgongo. Waliona pia kwamba baadhi ya watu maumivu yao yaliongezeka.

Basi tuseme ukweli bila kutia chumvi. Yoga ni zoezi zuri mojawapo. Si muujiza, wala haimlazimu kila mwenye kuumwa mgongo. Anayetembea kila siku na kufanya mazoezi aliyofundishwa hospitalini hajakosa kitu. Tena anayesikia kwamba yoga huponya kisukari, saratani au UKIMWI, na kwamba anaweza kuacha dawa zake, amkimbie anayemwambia hivyo.

JUMAMOSI YA KWANZA

Nyumba ya kwanza ilipendeza macho. Sakafu ya mbao inang'aa, kiyoyozi kinafanya kazi, kuna bafu lenye maji ya moto, makabati ya kufungia vitu na chai ya tangawizi kwa wageni. Kijana wa mapokezi alipokea fedha, akaonyesha mikeka ilipo, basi. Hakuna aliyeuliza jambo lolote.

Somo lilikuwa la mwendo wa haraka. Mwalimu alikuwa hodari kweli, na mwili wake ulikunjika kama kamba. Watu walijaa, mkeka kwa mkeka. Alipowaambia wainame na kugusa sakafu bila kukunja magoti, mama yetu alijitahidi asionekane mshamba mbele ya vijana. Mikono ikaishia kwenye magoti. Mwalimu akaja nyuma yake bila kusema neno, akamkandamiza mgongo ili ashuke zaidi.

Mama alituambia baadaye kwamba alisikia kitu kama mshono unaoachia. Alinyamaza kwa aibu, akamaliza somo. Siku nne zilizofuata hakuweza kukaa kwenye cherehani, na hizo ndizo siku alizokuwa amepanga kumalizia magauni ya watoto wa Komunyo ya Kwanza. Mengine ilibidi ampelekee fundi mwenzake. Nusu ya bei ikawa ghali kuliko bei kamili.

Aliporudi hospitali, daktari alimpima tena, akamhakikishia kwamba msuli ulishtuka tu. Hakumkataza yoga. Alimwambia, "Tatizo si yoga, mama. Tatizo ni kwamba aliyekukandamiza hakukuuliza."

JUMAMOSI YA PILI

Ilichukua majuma matano mama kukubali kujaribu tena. Nyumba ya pili ilikuwa ukumbi wa ghorofani, hauna kiyoyozi, feni tatu tu na madirisha mapana. Mikeka ilikuwa imechakaa lakini safi. Mwalimu, mwanamke wa makamo, alitoka kutupokea mlangoni dakika 15 kabla ya somo.

"Shikamoo, mama," alisema. "Karibu. Kabla hujavua viatu, naomba tuzungumze kidogo."

Akamwuliza mgongo unauma wapi, tangu lini, ukiinama au ukinyooka, na kama maumivu yanashuka mguuni. Akauliza kuhusu operesheni, presha, macho na dawa anazomeza. Hapo ndipo mama alipokumbuka kusema kwamba ana shinikizo la damu na anameza vidonge kila asubuhi. Katika nyumba ya kwanza hakusema, kwa sababu hakuulizwa, naye hakujua kwamba inahusu.

Mwalimu akamletea kiti na matofali mawili mepesi ya sponji. Alipowaambia wengine wainame hadi sakafuni, mama aliinama akishika kiti, magoti yamekunjwa kidogo. Wengine walipoinua miguu juu na kushusha kichwa, mama alilala chali na kuweka miguu juu ya kiti. Binti yake alimtazama kwa wasiwasi, akidhani mama anaona aibu. Mama hakuona aibu yoyote. Alisema, "Cherehani yangu nayo ina kiti."

Mwishoni watu wote walilala chali kimya kwa dakika kama kumi. Mkao huo kwa Kisanskriti huitwa mkao wa maiti. Mama alipoambiwa jina hilo alicheka, kisha akasinzia.

MWALIMU MZURI HUULIZA KWANZA

Ndugu wasomaji, kama mtasahau mengine yote, shikeni hili: mwalimu mzuri wa yoga anajulikana kwa maswali anayouliza kabla ya somo, si kwa jinsi anavyojikunja. Kiyoyozi na chai havimwambii kuhusu mgongo wako. Kwa hiyo siku ya kwanza nenda mapema, na usikilize kama utaulizwa haya:

1. Una maumivu au ugonjwa gani? Umewahi kufanyiwa operesheni?

2. Unameza dawa gani?

3. Je, una mimba, au umejifungua karibuni?

4. Umewahi kufanya mazoezi ya namna hii?

5. Je, unaruhusu nikuguse ili kukurekebisha?

Swali la tano ni muhimu kwa afya na kwa heshima pia. Mwili wako ni wako. Kusema "Hapana, niambie kwa maneno" si utovu wa adabu. Mwalimu anayechukia jibu hilo, muage kwa amani uondoke.

Usipoulizwa, sema mwenyewe. Na wewe pia una haki ya kuuliza. Mwalimu alijifunza wapi na kwa muda gani? Amewahi kufundisha watu wenye shida kama yangu? Somo la leo ni jepesi au ni gumu? Nikishindwa, naweza kupumzika? Jibu la swali hili la mwisho lazima liwe "ndiyo".

CHUMBA NA VIFAA

Baada ya kumsikiliza mwalimu, tazama mahali penyewe. Sakafu iwe tambarare, kavu, isiyoteleza. Hewa ipite vizuri. Kati ya mkeka na mkeka pawe na nafasi ya kunyoosha mikono bila kumgonga jirani. Mikeka ya kuazima ifutwe kwa sabuni au dawa kila baada ya somo, kwa sababu fangasi wa miguu huambukizwa kwenye sakafu na mikeka yenye unyevu. Ukiweza, tandika kitambaa chako juu yake. Vyoo viwe safi, na pawepo na chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo chenye mlango unaofungwa.

Uliza kama kuna matofali, mikanda, mablanketi na viti. Vitu hivyo visionwe kama magongo ya wagonjwa. Tofali chini ya mkono huileta sakafu karibu, na mkanda kwenye unyayo huurefusha mkono. Mgongo nao hubaki umenyooka. Nyumba isiyo na vifaa hivyo inawafaa zaidi vijana wenye viungo vyepesi.

Kuhusu mavazi, mtu asidanganywe kwamba lazima anunue suruali za kubana za bei kubwa. Suruali pana na fulana ndefu, au hata kitenge kilichoshonwa suruali, vinatosha. Miguu huwa pekupeku. Usile chakula kizito saa mbili hadi tatu kabla ya somo, na uchukue chupa ya maji.

MAJINA YA MASOMO

Kwenye ubao wa ratiba utakuta majina ya kigeni. Tuyaeleze kwa kifupi.

Hatha: kwa kawaida ni somo la polepole, mkao mmoja baada ya mwingine. Linawafaa wanaoanza.

Iyengar: mkazo uko kwenye kukaa sawasawa, na vifaa hutumika sana. Linawafaa wengi wenye viungo vigumu, mradi mwalimu ajue shida zao.

Vinyasa: mikao hufuatana kwa haraka kwa kufuata pumzi. Anayeanza au mwenye maumivu asianzie hapa. Ndilo somo lililomshtua mama yetu.

Yin: mtu hukaa katika mkao mmoja dakika kadhaa, akiwa amelegea. Linaonekana rahisi, lakini wenye viungo vilivyolegea kupita kiasi wajihadhari.

Yoga ya joto: hufanywa katika chumba kilichopashwa moto, mara nyingine kufikia nyuzi 40. Wajawazito, wenye ugonjwa wa moyo na wenye presha wasiingie bila ruhusa ya daktari. Nasi tunaoishi Pwani tunajua kwamba mwezi wa Februari huhitaji chumba cha kupasha moto.

Lakini jina peke yake halitoshi. Walimu wawili wanaweza kutumia jina moja na kufundisha tofauti kabisa. Uliza kwanza.

WANAOPASWA KUMWONA DAKTARI KWANZA

Wenye presha isiyotulia wasishushe kichwa chini ya moyo wala kubana pumzi. Wenye ugonjwa wa presha ya macho, yaani glakoma, nao wasisimame kwa kichwa wala kuinamisha kichwa muda mrefu, kwa kuwa mikao hiyo huongeza shinikizo ndani ya jicho. Wazee ambao mifupa yao imedhoofika wasijikunje mbele kwa nguvu wala kujinyonga kiuno, maana pingili za mgongo zinaweza kuvunjika. Wajawazito watafute somo lao maalumu, waache kulala kifudifudi, na baada ya miezi mitatu ya mwanzo wasilale chali muda mrefu. Wenye kisukari wanaotumia insulini wapime sukari kabla, wawe na kitu kitamu mfukoni.

Zaidi ya hayo, si kila mgongo unaouma ni wa kupelekwa kwenye mazoezi. Nenda hospitali haraka ukiona dalili zifuatazo:

- Miguu kuishiwa nguvu, au ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja.

- Kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka.

- Homa, kutokwa jasho usiku, au kukonda bila sababu. Kifua kikuu kinaweza kushika uti wa mgongo, nacho hutibika kikiwahiwa.

- Maumivu baada ya kuanguka au ajali, au yasiyopungua hata ukilala.

- Maumivu ya mgongo kwa mtu aliyewahi kuugua saratani.

Dalili mbili za kwanza ni za dharura. Usingoje kesho.

FEDHA ZA FAMILIA

Katika nyumba ya kwanza, somo moja kwa bei kamili lilikuwa karibu sawa na anachopata mama huyu kwa kushona gauni moja. Kwa familia ya kawaida hilo ni jambo la kujadiliana mezani, siyo la kuingia kimyakimya. Ushauri wetu ni huu. Lipia somo moja moja kwanza. Usinunue kadi ya mwezi au ya mwaka siku ya kwanza, hata ukiambiwa punguzo linaisha leo. Uliza kama fedha hurudishwa mtu akiugua. Uliza pia kama kuna siku ya somo la bure au la bei nafuu kwa wakazi wa eneo hilo, kwa kuwa baadhi ya nyumba hufanya hivyo. Na kumbuka nauli ya daladala kwenda na kurudi.

NA IMANI YETU?

Tumeliacha swali hili mwisho, lakini kwa mama yetu lilikuwa la kwanza. Tarehe 15 Oktoba 1989 idara ya Vatikano inayoshughulikia mafundisho ya imani, wakati huo chini ya Kardinali Joseph Ratzinger ambaye baadaye alikuwa Papa Benedikto XVI, ilitoa barua kwa maaskofu kuhusu tafakari ya Kikristo, na yoga imetajwa humo. Barua hiyo inafundisha kwamba njia za dini nyingine zisikataliwe ovyo kwa sababu tu si za Kikristo. Mtu anaweza kuchukua kilicho na manufaa, mradi maana ya sala ya Kikristo isifunikwe. Lakini inaonya pia. Mazoezi ya mwili huweza kuleta utulivu na hisia tamu, nasi tusizidhanie hisia hizo kuwa ndizo faraja za Roho Mtakatifu. Wala mwili usigeuzwe kuwa kitu cha kuabudiwa.

Wapo mapadre wanaowashauri waamini wao wakae mbali na yoga kabisa, na wapo wanaoona kwamba kunyoosha viungo ni kunyoosha viungo. Kwa hiyo zungumza na paroko wako. Kabla ya kulipa, mwulize mwalimu wazi: je, kuna nyimbo au maneno ya ibada? Kuna kusujudia picha? Katika nyumba ya pili mwalimu alijibu bila kukasirika kwamba somo lake ni la viungo na pumzi, na kwamba wakati wa ukimya kila mtu yuko huru na dhamiri yake. Mama alisali Salamu Maria kimoyomoyo. Ukikuta ibada ambayo dhamiri yako haiikubali, ondoka kwa utulivu.

Tena tusiwadharau majirani zetu Wahindu, ambao kwao yoga ni sehemu ya dini. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko la tarehe 28 Oktoba 1965, ulitufundisha kwamba Kanisa halikatai chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini hizo. Mtu anaweza kukataa kwa heshima, na anaweza kukubali bila kupoteza alichonacho.

KWA ASIYEWEZA KWENDA

Wengi wenu mko mbali na mji, au fedha haitoshi. Kama daktari amehakikisha mgongo wako hauna ugonjwa mwingine, tandika mkeka nyumbani ufanye haya:

1. Pumzi. Lala chali, magoti yamekunjwa, mkono juu ya tumbo. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, toa ukihesabu hadi 6. Rudia mara 10.

2. Paka. Piga magoti na kushika chini kwa viganja. Inua mgongo polepole kama paka anayejinyoosha, kisha ushushe taratibu. Mara 8.

3. Goti kifuani. Ukiwa umelala chali, vuta goti moja kuelekea kifuani, kaa kwa pumzi tatu, badilisha mguu.

4. Daraja. Ukiwa umelala chali na magoti yamekunjwa, inua makalio kidogo, hesabu hadi 5, shusha. Mara 8.

Kuvutwa kidogo kwa misuli ni kawaida. Maumivu makali, au yanayoshuka mguuni, ni amri ya kuacha. Mazoezi haya hayatoshi peke yake. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za shughuli ya mwili ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa miguu kwa haraka kidogo ni shughuli mojawapo.

Msomaji atapenda kujua mama yetu anaendeleaje. Alihudhuria masomo sita katika nyumba ya pili, kisha akaamua kuendelea nyumbani, na kurudi kwa mwalimu mara moja kwa mwezi. Kila baada ya nusu saa anainuka kwenye cherehani na kutembea hadi mlangoni. Mgongo haujapona kabisa. Siku za kazi nyingi bado unamkumbusha. Lakini vidonge vya maumivu amevipunguza, vya presha anavimeza kama alivyoagizwa, na akisimama hashiki tena meza.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kuuliza ni bora kuliko kujuta. Mungu awajalie afya njema. Tukutane katika toleo lijalo.